Dada Yako Hakujichubua

Nyumba ya nyuma ya chuo cha udereva,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na uzigawe kwa mkeo na watoto kabla hujaendelea kusoma. Afya zenu zinaendeleaje? Yule wa mwisho aliyevunjika mkono akiruka kitandani, plasta wameshamtoa? Na mgongo wako je, umepata kiti cha maana kazini au bado unakalia kile kilichopinda? Mimi ni mzima wa mwili. Sauti tu ndiyo imekauka, maana wiki nzima nimekuwa na mwanafunzi mmoja mwenye cheo kikubwa ofisini kwao, anayeamini gari litakata kona lenyewe kwa kumheshimu. Tumeshaipanda bustani ya chuo kwa magurudumu mara mbili.

Haya, salamu zimetosha. Nimechagua karatasi kwa makusudi. Kwenye simu una njia nyingi za kunikwepa: mtandao unasumbua, uko kwenye kikao, utanipigia baadaye. Karatasi haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho, kisha umsomee mkeo, maana nasikia na yeye ana maoni yake.

Ni habari ya Kidoti, dada yako anayenifuata mimi na kukutangulia wewe. Najua ulichoambiwa na najua aliyekuambia. Uliambiwa amejiharibu kwa mikorogo, amejichubua mpaka ngozi imemtoka, sasa anajificha ndani kwa aibu. Ukaamini, ukamtumia ule ujumbe wa sauti. Nitaufikia. Kwanza nikueleze kilichotokea, kwa sababu tangu wazazi watutoke tumebaki watatu tu, na watatu hawawezi kuwa na habari mbili tofauti za mmoja wao.

Mwanzoni mwa mwaka Kidoti alishikwa na maumivu ya shavu la kulia. Hayakuwa ya jino, ingawa walimng'oa jino zima kabisa katika kutafuta. Yalikuwa yanampiga kama shoti ya umeme. Akipiga mswaki yanamchoma, akinawa uso yanamchoma. Na unajua kazi yake pale kiwanda cha mikate: yeye ndiye anayesimama mdomoni mwa tanuri. Joto likimpiga usoni anaona nyota. Ikafika mahali anakanda unga jicho moja limefumba, na wenzake wakadhani anawakonyeza.

Akaenda kwenye zahanati ya binafsi iliyo jirani na kwake. Tabibu wa pale akamwambia ni mshipa wa fahamu wa uso. Hapo sina ugomvi naye, ni kweli ulikuwa mshipa. Akampa vidonge vya kabamazepini. Ni dawa ya kifafa, lakini inatumika pia kutuliza mshipa huo. Hapo napo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba alimpa kama anayegawa peremende. Hakumwambia kwamba akiona vipele, akipata homa, akivimba uso, aiache dawa na arudi mbio. Maneno hayo yanachukua muda gani? Kwangu mimi, mwanafunzi hagusi ufunguo kabla sijamwonyesha breki ilipo.

Shavu likatulia. Kidoti alinipigia simu akicheka, akaniambia ametafuna ganda la mkate kwa upande wa kulia na hakuna kilichomchoma. Tulishukuru wote.

Baada ya wiki chache ikaja homa. Ikapanda na kushuka, ikapanda tena. Kisha vipele vyekundu kifuani, vikashuka tumboni na mikononi, vinawasha mpaka hapati usingizi. Akaamka siku moja kope zimevimba. Dada yetu si mzembe. Alirudi kwa tabibu yuleyule kwa miguu yake mwenyewe, akiongozana na wifi yake, dada wa mumewe. Yaliyosemwa mle ndani amenisimulia mwenyewe, na wifi hajayakana.

Tabibu hakuinuka hata kwenye kiti. Alimtazama akiwa nyuma ya meza yake, akauliza, "Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Natumia mafuta ya kawaida tu, haya ninayompaka mwanangu."

"Nyinyi kina mama mnatusumbua. Mnajichubua, mkiungua mnakuja kutudanganya."

Kidoti akamwuliza, "Labda ni hivi vidonge? Niviache kwanza?"

"Vidonge endelea navyo, shavu lisije likarudi. Acha krimu."

Sasa fikiria. Aliuliza. Mgonjwa mwenyewe, na uso umevimba, ndiye aliyeuliza swali ambalo tabibu alipaswa kujiuliza, na akajibiwa kwa kejeli.

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yake. Wifi alikuwa na haraka nalo. Kidoti alipoingia alimkuta mama mkwe wake ameshakaa sebuleni na uso wa msiba. Wakampekua. Walitoa godoro, wakamwaga mkoba wake kitandani, wakafungua hadi kopo la sukari kunusa. Hawakupata kitu, na kule kutopata kitu kukawa ndio ushahidi kwamba anajua kuficha. Shemeji yetu alikuwa amesimama mlangoni. Mtu huyu ni fundi wa majokofu, anasikia kwa sikio tu kwamba mota imeanza kuumwa. Lakini mkewe alimwambia mbele yake, "Sijapaka kitu," na hakusikia.

Kiwandani msimamizi akamwambia apumzike kwanza nyumbani, wateja wasije wakasema mikate inakandwa na mtu anayebanduka ngozi. Kidoti anasema hamlaumu. Mimi namlaumu. Dada yako amesimama mbele ya tanuri lile tangu hujaota ndevu, na hakuna aliyekwenda kumwuliza hali.

Na muda wote huo, asubuhi na jioni, alikuwa anameza kile kidonge. Kwa mkono wake, kwa maji safi, kwa utiifu, kama alivyoagizwa. Nikifika hapa kalamu inataka kutoboa karatasi.

Mimi sikujua. Nilipompigia alisema ana mafua. Baadaye simu ikawa haipokelewi. Aliyenipigia ni shemeji, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, ukipata nafasi uje." Mtu wa maneno machache akisema hivyo, huulizi. Niliahirisha madarasa, nikachukua gari la chuo na kibao chake cha MWANAFUNZI juu ya paa, nikaendesha mpaka kwao. Njiani watu walinipisha wakidhani sijui kuendesha, na safari hiyo nilishukuru.

Nilimkuta chumbani, pazia limefungwa mchana kweupe. Ndugu yangu, nisingemjua. Uso ulikuwa umevimba mpaka kile kidoti cha shavuni kilichompa jina kimezama. Midomo imepasuka. Ngozi ya shingo na mikono imekuwa nyekundu inayokwenda kwenye weusi, imekauka, inainuka vipande vipande. Chini ya taya mitoki imejaa kama kunde zilizolowekwa. Nikamsogeza dirishani, nikamfungua kope moja kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa wa manjano.

Unajua neno la kwanza aliloniambia? Hakusema anaumwa. Hakuomba maji. Alisema, "Dada, sikupaka kitu."

Mtu ana homa ya kuchemsha chai, na jambo la kwanza analoona lazima alifanye ni kujitetea.

Nikamfunika shuka, shemeji akambeba. Mlangoni mama mkwe akasema, "Aibu hiyo mnaitoa nje mchana huu, majirani wote wakiwa nje?"

Nikamjibu, "Mama, nakuheshimu. Nipishe."

Hakupisha haraka. Nikambana kidogo kwa bega, na usiniambie nimekosa adabu, maana hilo nimeshaambiwa na watu wengi.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari mmoja, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini si wa mzaha. Hakuuliza habari za krimu. Alimshika mkono, akamgeuza, akambonyeza ubavuni chini ya mbavu za kulia, Kidoti akaruka. Akaniuliza, "Anatumia dawa gani, na alianza lini?" Nikatoa pakiti kwenye mkoba wa Kidoti. Alipoisoma aliweka kalamu chini.

"Leo amemeza?"

"Amemeza asubuhi," shemeji akasema.

"Basi hicho ndicho cha mwisho maishani mwake."

Alitueleza taratibu, nami nakueleza vilevile. Kuna watu wachache ambao miili yao inaikataa dawa fulani, na si kuikataa kwa kuwashwa tu. Kinga ya mwili inageuka kama mlinzi aliyepagawa, inamshambulia mwenye nyumba. Kwa nje unaona ngozi. Lakini ndani nako kunaungua: ini, figo, wakati mwingine mapafu au moyo. Tena haiji siku ya kwanza. Inangoja wiki kadhaa, mtu ameshazoea dawa na hadhani tena kwamba ndiyo yenye kosa. Majibu ya damu yalionyesha ini la Kidoti limeumia vibaya. Nilimwuliza kama atapona. Hakunidanganya. Alisema wengi wanapona dawa ikiachwa mapema, na wengine hawaponi, na kwamba huyu amecheleweshwa.

Amecheleweshwa. Hakusema amechelewa. Nililishika neno hilo.

Akalazwa. Wauguzi walimpaka mafuta mazito mwili mzima na kumlaza kwenye shuka laini, kwa sababu ngozi ilikuwa inatoka kila inapogusana na kitu. Alipewa dawa ya kuituliza ile kinga iliyochachamaa. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko kidogo, tone kwa tone, kwa sababu ya midomo. Kope zilikuwa zimefunga kabisa. Alikuwa ananitambua kwa sauti tu.

Ndipo ujumbe wako ulipoingia. Simu yake ililia, akasikia, akaniuliza ni nani. Nikaangalia nikaona ni wewe, nikafurahi, nikamwambia, "Ni kaka." Alitabasamu kwa ile midomo, mpaka ikatoa damu. Akasema, "Nifungulie." Nikaishika simu mimi, karibu na sikio lake, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinabanduka na hawezi kubonyeza. Nikafungua.

Sina haja ya kukurudishia maneno yako, unayo. Ulisema anawaaibisha. Ulisema ngozi aliyopewa na mama yetu haikumtosha, sasa aone. Ulisema mkeo ameambiwa na wifi wa Kidoti, na kwamba huko mliko mnaona haya kuulizwa. Dakika nzima na zaidi, na mimi nimeishika simu kama mjinga, sikujua pa kubonyeza ili ikome.

Machozi hayakupata njia ya kutoka, kope zilikuwa zimefunga. Ilipokwisha aligeuza uso ukutani, na kugeuka tu kulimbandua ngozi ya shingo.

Hukujua anaumwa kiasi gani, hilo nakubali. Lakini ungeweza kuuliza. Uliwahi kumpigia simu mara tatu kwa siku moja kumwuliza namna ya kupika wali usishike chungu. Kwa hili hukuuliza hata mara moja. Ulimchukua dada yako wa tumbo moja ukampima kwa maneno ya wifi aliyemsindikiza tu zahanati.

Nimekuwa mkali, najua. Nitapumua kidogo nikueleze la tabibu.

Kidoti alipoanza kufumbua macho, nilikwenda pale zahanati. Nilivaa sare yangu ya kazi, nikakaa kwenye foleni kama watu wengine mpaka zamu yangu. Nikamwambia mimi ni ndugu ya nani, na yuko wapi, na kwa nini. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Akasema, "Dawa yoyote inaweza kumkataa mtu. Siwezi kulaumiwa kwa hilo."

"Kwa kukataliwa na dawa sikulaumu," nikamwambia. "Nakulaumu kwa siku aliyorudi. Alikuonyesha mwili wake. Alikuuliza kuhusu vidonge. Ukamtukana, ukamwambia aendelee kumeza."

"Dada, tufunge mlango. Nje kuna wagonjwa."

"Ndiyo maana nauacha wazi."

Nikageuka nikawaambia waliokaa kwenye benchi kwamba mtu akianza dawa mpya, kisha akapata homa na vipele na uso kuvimba, asikubali kuambiwa habari ya krimu. Arudi na pakiti yake mkononi, na asipoangaliwa hapa aende kwingine siku hiyohiyo. Niliongea kwa sauti ya uwanjani, ile ya kumzuia mtu asigonge ukuta. Mama mmoja akanyanyuka, akaenda kukaa karibu na dirisha la dawa, akaanza kuuliza maswali kuhusu dawa zake mwenyewe. Tabibu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishoni akasema, "Niliona kama ni krimu kwa sababu kila wiki naona za krimu." Nadhani alisema kweli, na ukweli wake ndio ulionichefua zaidi. Hakumtazama dada yetu. Aliwatazama wengine usoni mwake. Malalamiko nimeyapeleka kwa wakubwa wa afya. Wamesema watanijulisha. Mimi nafundisha watu kurudi kinyumenyume, subira ninayo, na wiki ijayo nitakuwa tena mlangoni kwao.

Yule wifi wa Kidoti naye alikuja hospitali na machungwa. Alikaa, akamwangalia, akaniuliza chinichini kama daktari ana uhakika kweli si mkorogo. Nikamwomba arudi nyumbani na machungwa yake. Shemeji ndiye aliyemsindikiza. Aliporudi alikaa chini, kando ya kitanda, akaniomba ile chupa ya mafuta. Tangu hapo ndiye anayempaka mkewe miguu. Hajasema neno la kuomba radhi, na Kidoti hajamdai. Hayo ni yao wawili.

Hali yake sasa. Ametoka hospitali, yuko kwangu, amelala chumba cha mbele chenye hewa. Dawa ile ya kutuliza kinga wanaipunguza kidogo kidogo. Safari moja walipoipunguza, homa na vipele vilirudi, tukaogopa upya, wakaongeza. Ini linarudi polepole. Daktari anataka kuendelea kumwangalia, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kugusa tezi ya shingo miezi baadaye. Ngozi mpya imeota, nyororo kama ya mtoto, lakini ina mabaka, na jua linaichoma. Tanurini hawezi kurudi kwa sasa. Msimamizi ameleta ujumbe kwamba kuna nafasi ya kufunga mikate kwenye mifuko, huko nyuma ambako hakuna wateja. Kidoti amemjibu atarudi akiwa mzima, na atakaa mbele.

Na lile shavu bado linauma. Baada ya yote hayo, mshipa uko palepale. Wamempa dawa ya aina nyingine, na tunaikagulia kila kipele kinachotoka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili si la hasira. Daktari alinikalisha akaniuliza kama Kidoti ana ndugu wa tumbo moja na watoto. Alisema kukataliwa na dawa hii kunaweza kwenda na damu ya ukoo. Wewe, mimi, watoto wako, mtoto wa Kidoti, tuwaambie madaktari wetu kabla hatujapewa kabamazepini au dawa za jamii yake, zile za kifafa na za mishipa. Nimekuandikia jina kwa wino mzito hapa: KABAMAZEPINI. Na usiseme huko mliko madaktari ni makini. Waambie.

Nikueleze ukweli, sikuwa na haraka ya kukupa habari hii. Nilikuwa nimeamua ukae kwanza na ujinga wako kwa muda. Ni Kidoti aliyeniuliza, siku ya kwanza alipoweza kukaa na kushika kikombe mwenyewe.

"Umemwambia kaka?"

"Sijamwambia. Na usinilazimishe."

Akanywa, akapumzika, akanywa tena. "Ana watoto wawili," akasema. "Mwambie leo."

Sikuandika siku ile, hasira ilikuwa bado juu. Nimeandika leo.

Usimtumie ujumbe wa sauti tena. Mpigie. Akipokea usianze na ini wala dawa, wala usinitaje mimi na barua yangu. Ule ujumbe wako haukuwa hata na salamu, mdogo wangu. Mwamkie kama mdogo anavyomwamkia dada yake, kisha unyamaze, umwache yeye aongee kadiri atakavyo. Akikaa kimya, kaa naye kimya hukohuko kwenye simu.

Nisalimie mkeo, na umwambie sina kinyongo naye ila namba ya yule wifi wa Kidoti aifute. Wabusu wanangu wote wawili, na yule wa mkono asipande tena kitandani na viatu. Shangazi yetu mkubwa anakusalimu, na shemeji anakusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na awape afya ambayo hamtalazimika kuitetea mbele ya mtu.

Kidoti naye anakusalimu. Ameniambia niandike hivyohivyo, nisiongeze neno.

Ni mimi, anayekupenda hata leo,
Dada yako mkubwa.